Macho Yaende Wapi: Kisa cha Gemu ya Kriketi Iliyotengenezwa Mbeya

Mpira wa kriketi una kipenyo cha sentimita 7 na ushee. Chukua simu ya bei ya chini, ilaze, kioo chake kiwe na pikseli 720, yaani vidoa vidogo vinavyounda picha, kutoka chini hadi juu. Weka kamera ya gemu mita 3 hivi nyuma ya mpigaji, kwa upana wa kawaida wa kuonyesha uwanja. Mpira unapotoka mkononi mwa mrushaji, upande wa pili, utachukua pikseli 3 au 4 za kioo hicho. Ni kitone tu. Mshono wake hauonekani, mzunguko wake hauonekani, na kama nyuma yake kuna rangi nzito, hata wenyewe hauonekani. Kisa hiki kinahusu kitone hicho, na vijana wanne wa Mbeya waliotafuta namna ya kumsaidia mchezaji akione.

Walikuwa wamemaliza chuo, wakakodi chumba Mwanjelwa, wakaanza kutengeneza gemu ya kriketi ya simu za Android. Soko la gemu za mpira wa miguu lilikuwa limejaa. Kwa upande wa kriketi, habari kwamba timu yetu ya vijana chini ya miaka 19 imefuzu Kombe la Dunia la 2026, kwa mara ya kwanza, ziliwafanya watu wengi waulize huo ni mchezo gani hasa. Mimi nafundisha usanifu wa programu za simu, na walinikaribisha nikae nao wakati wa majaribio. Wameridhia niandike, ila majina yao nayaacha.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anakuja mbio, anarusha mpira kwa mkono ulionyooka, mpira unadunda chini mara moja kwenye kipande cha uwanja kinachoitwa pichi, kisha unamfikia mpigaji mwenye gongo. Nyuma yake kuna vijiti vitatu, na mpira ukivigonga, ametoka. Jambo kubwa kuliko yote ni mahali mpira unapodunda. Ukidunda karibu na miguu yake, lazima asogee mbele na kuteremsha gongo wima. Ukidunda mbali naye, huo ni mpira mfupi, utapanda hadi kifuani, naye anarudi nyuma na kuuzungushia gongo kwa mlalo. Ukidunda katikati, hapo ndipo anapoteseka, kwa sababu mbele na nyuma vyote vina hatari.

Na muda wa kuamua ni mdogo mno. Kati ya mistari miwili iliyochorwa kwenye pichi, mmoja upande wa mrushaji na mwingine upande wa mpigaji, kuna mita 17.68. Mpira wa kilomita 140 kwa saa unaimaliza njia hiyo kwa takriban sekunde 0.45. Gemu inayoonyesha picha 30 kwa sekunde itakuwa na picha 13 au 14 tu tangu mpira utoke mkononi hadi ufike. Ukitoa sehemu ya tano ya sekunde, ambayo mwili wa binadamu huitumia kuitikia jambo lolote unaloliona, kinachobaki cha kufikiria ni kidogo sana.

Toleo la kwanza

Walifanya walichokiona kwa wengine, na siwalaumu. Gemu za zamani kama Brian Lara Cricket na Cricket 07 ya EA Sports zilimwonyesha mpigaji alama kwenye pichi ya mahali mpira utakapodunda. Vijana wetu wakaweka duara jekundu lililojitokeza mrushaji akiwa bado anakimbia. Chini ya kioo wakaweka utepe wenye mshale unaotembea, mchezaji aguse mshale ukifika kwenye kijani. Mpira nao ukapakwa rangi: nyekundu ukiwa mfupi, njano ukiwa wa kati, kijani ukiwa wa miguuni.

Majaribio yalifanyika kijiweni kwa bodaboda, Kabwe, na baadaye kwa wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo. Mwanzoni mambo yalionekana mazuri. Watu ambao hawajawahi kuiona kriketi walikuwa wanapeleka mipira nje ya uwanja tangu dakika za kwanza. Halafu simu zikaanza kurudishwa mapema. Dereva mmoja alimrudishia kiongozi wa timu simu yake akasema, "Kaka, nimeuelewa. Ni kuvizia mshale uingie kwenye kijani." Aliulizwa mpira wa mwisho ulidunda wapi. Hakujua.

Sentensi ile ndiyo iliyowafanya wachukue karatasi. Walifunika nusu nzima ya juu ya kioo, ikabaki sehemu ya utepe na kipande cha chini cha pichi, wakampa mtu mwingine acheze. Mrushaji haonekani, mpira hauonekani isipokuwa mwishoni kabisa, na bado jamaa aliendelea kupiga karibu sawasawa na wenzake waliokuwa wakiona kila kitu. Nimeona majaribio mengi ya programu yenye fomu na vipimo vingi ambayo hayakufundisha hata nusu ya kilichofundishwa na karatasi ile. Msaada ulikuwa umeuondoa mpira kwenye mchezo wa mpira.

Wakaondoa vyote: duara, utepe, rangi. Sasa hakuna aliyeweza kugusa hata mpira mmoja. Hilo lilitarajiwa, kitone cha pikseli 3 hakipigiki. Wawili kati yao wakataka kila kitu kirudishwe na gemu itoke hivyo hivyo, kwa hoja kwamba mteja akishindwa dakika ya kwanza anaifuta. Hoja hiyo ni nzito, na nitairudia.

Swali la mcheza rede

Kilichofungua njia ni binti mmoja wa kidato cha pili. Alipewa toleo tupu, akashindwa kama wengine, lakini hakulalamikia kasi. Aliuliza, "Kaka, mkono wa huyu anayerusha mbona hauonekani vizuri?" Alipoulizwa kwa nini anautafuta mkono, akajibu kwamba kwenye rede ukisubiri mpira uje ndipo ukwepe, umeshapigwa. Unamtazama anayerusha, mkono unavyokuja.

Waliocheza rede wanajua. Watu wawili wako pande mbili, wewe uko katikati, mpira wa soksi unatoka mbele na nyuma, na kinachokuokoa ni kusoma bega na kiganja kabla mpira haujaachiwa. Wasichana wengi wa nyanda hizi wamekua na ujuzi huo bila mtu kuuita ujuzi. Na ndio ujuzi wa mpigaji wa kriketi. Mwaka 2000, watafiti Michael Land na Peter McLeod walichapisha utafiti waliofanya kwa kuwavalisha wapigaji watatu wa viwango tofauti kifaa cha kufuatilia macho. Waligundua kwamba mpigaji haufuati mpira njia yote. Anautazama unapotoka, halafu macho yanaruka mbele hadi pale anapotarajia utadunda, yanausubiri pale, kisha yanaufuata kwa muda mfupi baada ya mdundo. Mpigaji bora aliyahamisha macho mapema kuliko wenzake.

Kwa hiyo duara jekundu lilikuwa linafanya kazi ambayo macho yanapaswa kuifanya. Kubashiri mahali pa mdundo ndiyo akili yenyewe ya kupiga. Ukiliweka jibu pale chini kabla mrushaji hajafika, unampa mchezaji kitu ambacho hakuna mpigaji yeyote duniani anacho, na unamnyang'anya kile kinachoufanya mchezo uwe mtamu.

Hapo ndipo nilipowapa kipimo ambacho kwangu ndicho kiini cha kisa hiki: kila msaada uulizwe, unarudisha kitu ambacho simu imekiondoa, au unatoa kitu ambacho mpigaji wa kweli hapewi? Simu imeondoa mengi. Imeondoa ukubwa wa mpira, kina cha uwanja, vidole vya mrushaji. Hivyo mchezaji anastahili kurudishiwa, na hata ukivirudisha kwa wingi hujamharibia mchezo.

Marekebisho, na moja lililokataa

Rahisi kuliko yote lilikuwa limekaa mbele yao muda wote. Nyuma ya mrushaji walikuwa wamechora Mlima Loleza, kijani kizito, vivuli vya miti, kazi nzuri ya mikono. Mpira mwekundu uliokoza ukapotea humo. Kriketi halisi ililitatua tatizo hili zamani: nyuma ya mrushaji husimamishwa pazia kubwa, jeupe kama mpira ni mwekundu, jeusi kama mpira ni mweupe. Mchezo huu umekuwa ukiyahangaikia macho ya mpigaji muda mrefu. Mechi za usiku za Kerry Packer, tajiri wa televisheni wa Australia, mwishoni mwa miaka ya 1970 zilitumia mpira mweupe uonekane chini ya taa, na mwaka 2015, huko Adelaide, Australia, mechi ya kwanza ya mchana na usiku ya Test, yaani kriketi ndefu ya siku kadhaa kati ya mataifa, ilichezwa kwa mpira wa waridi kwa sababu hiyo hiyo. Vijana wakaweka pazia, Loleza akasogezwa pembeni. Haikupunguza hata picha moja kwa sekunde.

Mkono ulifuata. Ilibainika kwamba mpira haukuwa unatoka kiganjani kabisa: mkono ulipita, kisha mpira ukazaliwa hewani pembeni yake. Kwa mtazamaji haina shida. Kwa mpigaji, ushahidi muhimu kuliko wote umefutwa. Walichora upya mkono kuanzia kiwiko hadi vidole, wakaongeza mng'ao mfupi pale mpira unapoachiwa, wakahakikisha mrushaji wa mpira mfupi anauachia chini kidogo na baadaye kidogo kuliko wa mpira wa miguuni, kama ilivyo kwa binadamu.

Ukubwa wa mpira ndio uliokataa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona mahali pengine jambo hili likielezwa kwa lugha yetu. Wazo lao la kwanza lilikuwa la busara: mpira ukuzwe sana ukiwa mbali, mara tatu, halafu ukuzaji upungue kadiri unavyokaribia, ufike kwa mpigaji ukiwa karibu na ukubwa wake halisi. Ukaonekana vizuri tangu mkononi. Lakini wachezaji wote wakaanza kuchelewa. Walichelewa kwa kiasi kile kile, hata wale wenye vidole vyepesi, na timu ikadhani simu zimekuwa nzito.

Sababu iko kwenye namna jicho linavyopima muda. Kitu kinachokujia moja kwa moja kinapanuka machoni, na kasi ya kupanuka kwake ikilinganishwa na ukubwa wake wa wakati huo inakuambia umebakiwa na muda gani kabla hakijakufikia. Huhitaji kujua umbali wala mwendo. Mwanasaikolojia David Lee alilieleza hilo mwaka 1976, na ndivyo hata dereva anavyojua lini akanyage breki. Sasa mpira uliokuzwa sana mbali na kidogo karibu unapanuka polepole kuliko inavyopaswa. Jicho linasema bado, wakati umeshafika. Walikuwa wameusaidia mpira uonekane kwa kuharibu saa iliyomo ndani yake.

Tiba ikawa kukuza kwa kiwango kimoja njia nzima, mara mbili na nusu. Ukizidisha ukubwa kwa namba ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, uwiano wa kupanuka haubadiliki hata chembe, na saa inabaki sahihi. Karibu na gongo mpira unaonekana mnene kuliko kawaida, kweli, lakini hakuna mchezaji aliyelitaja hilo.

Kivuli kilikuwa cha bei rahisi na chenye nguvu. Kwenye kioo bapa, mpira ulio juu na mbali unafanana kabisa na mpira ulio chini na karibu. Doa jeusi lenye umbo la yai linalotembea chini ya mpira linamaliza utata huo: nafasi kati ya mpira na doa ndiyo kimo, na vinapokutana ndipo mdundo. Simu dhaifu haiwezi kukokotoa vivuli halisi, ila doa la kuchora inaliweza bila kutoa jasho. Kama ningeruhusiwa kuacha msaada mmoja tu katika gemu ya kriketi, ningeacha huo.

Rangi za mpira ziliondoka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kimaumbile: miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini, takriban 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani, na ingawa kwa Waafrika idadi ni ndogo zaidi, bado wapo. Ya pili ilitokea kijiweni. Bodaboda walisoma kijani kuwa ni ruhusa na nyekundu kuwa ni katazo, kama taa za barabarani. Wakaupiga kwa nguvu zote mpira wa miguuni, ambao ni wa kuzuia, na wakauacha upite mpira mfupi, ambao kwa mpigaji mwenye nafasi ni zawadi. Badala ya rangi, mpira ukapewa mkia mfupi unaoonyesha njia uliyokwisha kuipita katika picha chache zilizotangulia. Mkia unasema mpira umetoka ukipanda au ukishuka. Unaeleza yaliyopita, yajayo ni kazi ya mchezaji.

Utepe wa mshale ulificha ugonjwa mwingine. Simu za bei ya chini huchelewa kusajili mguso, wakati mwingine kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ambayo ni picha 3 kati ya zile 14. Mchezaji anagusa kwa wakati, gemu inamwambia umechelewa, naye anakimbilia mshale kwa sababu mpira umeonekana kumdanganya. Sasa gemu inapofunguliwa mara ya kwanza inamwomba mtu aguse kioo kila mpira unapodunda chini, inapima simu yake inachelewa kiasi gani, na kusogeza dirisha la kupiga, yaani muda ambao mguso unakubaliwa, kwa kiasi hicho. Utepe ukakosa kazi.

Na duara jekundu? Lilihamishiwa baada ya mpira. Alama hizi tulizizoea kutoka kwenye runinga: Hawk-Eye, mfumo wa kamera unaofuatilia njia ya mpira, ilianza kutumika kwenye matangazo ya kriketi Uingereza mwaka 2001, na ramani zake za midundo zilitengenezwa kumfafanulia mtazamaji jambo ambalo limeshatokea. Ndipo mahali pake. Baada ya kila mpira, pichi inabaki na doa dogo pale ulipodunda, na kufikia mwisho wa ova ya mipira sita mchezaji anaiona tabia ya mrushaji: huyu ananirushia vifupi viwili, kisha wa miguuni. Vijana wa kijiweni walianza kubishana kuhusu mrushaji. Kabla ya hapo walikuwa wanabishana kuhusu mshale.

Hoja nzito

Nilisema nitairudia hoja ya mteja anayefuta gemu dakika ya kwanza. Nusu ya timu ilitaka duara la mapema lirudi kwa ova za mwanzo tu, kisha lififie. Nilipinga, na bado napinga, kwa sababu macho yakishazoea kwenda chini hayarudi juu kwa hiari. Anayeanza hahitaji jibu, anahitaji muda, na kriketi ina namna yake halali ya kutoa muda: warushaji wa polepole. Mpira wa kilomita 80 kwa saa unatumia karibu sekunde 0.8 kufika. Walikubali kujaribu, na sasa ova za kwanza hurushwa na mrushaji wa aina hiyo, mpira ulionyooka usiokata kona, na kasi inapanda mchezaji anapoanza kuupata.

Lakini kipimo changu kilipata mtihani kwa mzee mmoja fundi saa, jirani yao hapo Mwanjelwa, ambaye macho yake yameingia ukungu. Kiongozi wa timu alimwamkia, akampa simu. Mzee akacheza kwa subira, kisha akasema, "Mwanangu, kivuli sikioni. Lile doa lenu jekundu la zamani nilikuwa naliona." Si simu peke yake iliyokuwa imemwondolea kitu, umri nao ulikuwa umechukua sehemu yake. Kurudisha ni kurudisha, na kwake duara la mapema ni haki kamili.

Kwa hiyo lipo. Limewekwa kwenye mipangilio, karibu na ukubwa wa maandishi, chini ya jina "alama ya mdundo", na wamekataa kuliita "hali rahisi" ili asiyeweza kucheza bila alama hiyo asijione amepunguziwa. Watu wawili wakicheza kwa simu mbili, kila mmoja anaona kabla ya mechi mwenzake ametumia misaada ipi, na mpira wa kwanza haurushwi mpaka wote wawili wamekubali.